Ankara ya Mapafu

Benchi hili ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wameshasahau. Nililichongesha kwa ajili ya wateja wa cherehani, wakae kidogo wakisubiri suruali zipunguzwe na zipu zibadilishwe. Siku hizi mteja akija anasimama, wasanii wamekaa. Wanaanza kuingia alasiri, mmoja mmoja, kila mtu na ala yake kwenye mfuko uliochanika ambao nimeushona mimi, na muuza kahawa alipowaona akahamisha birika lake kutoka kituoni akalileta barazani kwangu bila hata kuniomba. Hapo wanakaa kuisema dunia nzima mpaka mashine yangu haisikiki. Nimewapiga marufuku vitu viwili tu: kugusa mkasi wangu na kutoa methali. Mkasi wanaugusa.

Leo walikuwa watatu. Waziri, mpiga gitaa, anaitwa hivyo kwa sababu ya ahadi zake. Shangazi, mwimbaji wa harusini, si shangazi wa mtu yeyote hapa lakini anatugombeza wote kama tumelelewa kwake. Na Msiba, ambaye ni mchekeshaji. Nafasi ya mwisho, kule ambako mbao zimebonyea, ilikuwa wazi. Hiyo ni ya Mapafu, mpiga tarumbeta wetu, na Mapafu alikuwa hospitali, mguu umevunjika.

Alivunjika juzi, tena kazini. Duka la samani kule barabara kuu lilikuwa linafungua tawi jipya, wakamwita Mapafu na kundi lake watumbuize. Jukwaa hawakuwa nalo. Wakaunganisha meza nne za kulia chakula, zile zile za kuuza, zenye bango linalosema zinadumu mpaka wajukuu. Mapafu alipofika kwenye ile sauti yake ya juu, ile anayoifumbia macho huku anarudi nyuma, meza ya tatu ikafunguka. Tarumbeta ilibaki juu, mguu ukaenda chini. Dereva wa duka akampakia kwenye pikapu akamkimbiza hospitali kubwa. Wenzake hawakwenda naye. Wenzake walikuwa kwenye foleni ya chakula, na foleni, kama walivyonieleza wenyewe bila aibu, ilikuwa imeshasogea.

Jana ndiyo walikwenda kumwona. Walirudi wamefura, na leo bado walikuwa wamefura.

— Hospitali ile wameajiri mawe, — Waziri alikuwa anasema. — Nimesimama dirishani, nimevaa shati la jukwaani, nimesema kwa adabu zangu zote, dada, tumekuja kumwona Mapafu. Nesi ananitazama kama nimemwomba figo.

— Eti hapa hakuna mtu huyo! — Shangazi akadakia. — Mtu mzima, mrefu kama mlango, anajulikana mji mzima! Hakuna mtu huyo! Nikamwuliza, wewe mwanangu umezaliwa wapi?

— Mimi nilimtajia mpaka lile jina lake refu la kwenye mabango, — akasema Msiba. — Mapafu, Pumzi Isiyokatika. Akamwita mlinzi.

— Kwa hiyo mmetoka bila kumwona? — nikauliza. Nilikuwa natia zipu kwenye gauni la mteja niliyemwahidi Jumatatu, na leo haikuwa Jumatatu.

— Tumetoka na heshima yetu, Fundi, — Waziri akajibu. — Hatuwezi kubembeleza mtu asiyejua muziki.

Nikawaambia heshima yao haimfungi mtu bandeji. Shangazi alikuwa ameshafungua kinywa kunirudi, simu ya Waziri ikalia. Akaitazama namba, akakaa wima, akaiweka kwenye spika. Waziri akipigiwa na ofisi hupenda mtaa mzima usikie.

— Ninyi ndio wale wa muziki? — ilikuwa sauti ya binti wa ofisini, kule kwenye duka la samani. — Malipo yenu yamekubaliwa. Mhasibu anataka ankara. Anaanza likizo kesho, mwezi mzima. Ikimfikia kabla ya saa kumi na moja anatoa cheki leo leo. Isipomfikia, mtasubiri arudi.

— Tunakuletea sasa hivi, dada! — Waziri akaahidi.

— Na mwenzenu, poleni. Dereva wetu alipomfikisha pale mapokezi alisikia daktari anasema mguu unataka kuwekewa chuma. Hawamwingizi chumba cha upasuaji mpaka yatolewe malipo ya kwanza. Wakichelewa mfupa utaunga vibaya. Mpiga tarumbeta anasimama, au anakaa?

— Anasimama, — akasema Msiba.

— Basi harakisheni, — akakata simu.

Saa kumi ilikuwa bado. Duka lenyewe, pikipiki inakufikisha kabla hujakunja mikono. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekuwa ameshaandika, ameshapeleka, ameshapumzika. Lakini hapa nazungumzia wasanii.

— Ankara, — Waziri akarudia polepole, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa wake.

— Mmewahi kuandika hata moja? — nikauliza.

— Ya nini? Sisi tunalipwa mkononi, jasho halijakauka, ndani ya bahasha. Unashukuru, unatoka nje, unahesabu nyuma ya nyumba.

— Halafu unakuta nusu.

— Unakuta nusu, — Waziri akakubali. — Lakini hakuna maneno mengi.

Shangazi akatikisa kikombe chake kuongezewa.

— Mimi tangu nimeanza kuimba sijawahi kumwandikia mtu bei. Ni matusi hayo. Muuza nyanya ndiye anayeandika bei. Msanii anatazamwa tu usoni, mwenye shughuli akiwa na utu anajua mwenyewe.

— Muuza nyanya huyo analala ameshiba, Shangazi.

— Nani kakuuliza, Fundi? Shona.

Nikashona. Lakini kwa kuwa ni mguu wa Mapafu, na suruali zake zote nimezishona mimi, nikainuka nikawakatia kipande cha karatasi ya kaki, ile ninayochorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Upande mmoja ulikuwa na nusu ya mkono wa shati. Upande wa pili ulikuwa safi. Nikawapa na penseli.

Waziri akaishika penseli kama anaapishwa.

— Naanza. Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi. Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Baada ya salamu, sisi huku wazima, isipokuwa...

— Toka hapa! — Shangazi akamnyang'anya penseli. — Unamposa mkurugenzi? Andika ankara!

— Lazima kuwe na utangulizi. Huwezi kumvamia mtu na hesabu.

— Yeye ndiye aliyeomba hesabu! — nikapaza sauti kutoka kwenye mashine.

— Wewe ni fundi, Fundi. Haya mambo yana ngazi zake.

Msiba akakohoa. Msiba akikohoa jua limekuja neno.

— Kwanza namba, — akasema. — Ankara lazima iwe na namba. Binamu yangu alifanya kazi kwenye stoo, nimeziona.

— Hapo umesema, — nikamwunga mkono. Nikadhani tumepata mtu.

— Sasa tukiandika namba moja watajua hatujawahi kulipwa maishani mwetu. Watatudharau. Tuandike elfu nane na kitu. Mhasibu akiona elfu nane ataogopa, atasema hawa watu wana kazi nyingi, niwalipe haraka waende.

— Elfu nane! — Waziri akaruka. — Ukiandika umefanya kazi elfu nane, serikali itakuja kukuuliza kodi ya zile nyingine. Utaonyesha nini? Sura yako?

— Basi mia nne.

— Mia nne nazo zina kodi. Mimi nasema tusitie namba kabisa. Karatasi isiyo na namba haina anwani, mkono wa mtu hauwezi kuifuata. Ukishajipa namba umejitaja mwenyewe.

— Na tarehe? — nikauliza.

Shangazi akaweka kikombe chini. Alikuwa na sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo.

— Tarehe usiandike kamwe. Ukiandika tarehe, deni linaanza kuzeeka. Kila siku inayopita linazidi kuchoka, mwisho linakufa. Lakini deni lisilo na tarehe ni jipya daima. Ukilidai leo ni jipya, ukilidai mwakani ni jipya.

Hawa ndio watu wanaokesha kwenye shughuli za watu wazima wenye akili zao, wanapewa vipaza sauti. Waziri alikuwa anatikisa kichwa kumsifu. Msiba alikuwa anafikiri. Muuza kahawa, ambaye hana tabia ya kuingilia, alisimama na birika mkononi akimtazama Shangazi. Nadhani alikuwa anahesabu vikombe anavyomdai Shangazi, na tangu lini.

— Andikeni tarehe, — nikasema. — Juzi. Andikeni juzi ilikuwa tarehe ngapi, mlipiga wapi, mlipiga saa ngapi. Basi.

— Mlipiga, — Waziri akanikatiza, kidole juu. — Hapo ndipo kosa la wote lilipo. Fundi, unadhani Mapafu aliuza nini juzi?

— Muziki.

— Muziki hauuzwi. Muziki ukishapigwa umekwisha, huwezi kuubeba. Mapafu aliuza pumzi. Ile pumzi ilikuwa yake, imetoka kifuani mwake, imeingia dukani kwao, mpaka sasa imo mle ndani, kwenye makabati. Hawajairudisha. Kwa hiyo tunahesabu pumzi. Wimbo mmoja pumzi ngapi, nyimbo ngapi, tunazidisha.

— Na wewe mpiga gitaa? — Msiba akamwuliza.

— Mimi vidole.

— Na mapengo je? — Msiba akawaka, macho yamemtoka. — Pale katikati Mapafu anaponyamaza, halafu watu wanasubiri. Ule ukimya wa nani? Si wetu? Wao ukimya wao wangekuwa nao wenyewe dukani bila kutuita. Ukimya wa kusubiriwa ni kazi. Mimi jukwaani nalipwa ukimya tupu!

— Hilo tunalijua, — Shangazi akasema.

— Nasema tuutie. Ukimya, mstari wake peke yake.

Wakautia. Naapa wakautia. Waziri akaandika juu ya ule mkono wa shati, kwa mwandiko wa mviringo, ulimi nje, pumzi kiasi fulani, ukimya kiasi fulani, vidole vya mpiga gitaa kiasi ambacho kilikuwa kikubwa kuliko pumzi. Hapo Shangazi akaja juu kwamba yeye aliimba pambio na hakutajwa, na koo lake si la kuokota. Wakaongeza koo. Msiba alikuwa hata hajapanda siku ile, alikwenda kula tu, akataka aandikiwe kusubiri zamu. Wakagombana. Nikatazama saa ya ukutani kwangu, nikaona mshale unakwenda wala hauna habari nao.

— Jamani, mwenzenu ana mfupa nje!

— Mfupa! — Waziri akaruka tena. — Mfupa ndio fedha yenyewe! Meza ni ya nani? Ya kwao. Imevunjika chini ya nani? Chini yetu. Tutie mguu!

— Utawauzia mguu wa Mapafu? — nikamwuliza.

— Siwauzii. Wameshautumia.

— Waziri, — Shangazi akasema, na sura yake ilikuwa imebadilika. — Na meza je? Wao nao si watatuletea ankara ya meza?

Hilo hawakuwa wameliona.

— Meza inayodumu mpaka wajukuu, — Shangazi akaendelea. — Unajua bei yake? Hata nikiimba mpaka nife silipi meza ile. Tukipeleka karatasi yetu, wanatoa karatasi yao. Tunaondoka tunadaiwa.

— Basi tusipeleke, — akasema Msiba upesi.

— Tupeleke, — Waziri akasema, — lakini tuwaambie meza ile tumeitangaza. Mpaka leo mtaa mzima unaizungumzia. Kuna meza nyingine mjini inayozungumzwa? Tangazo lina malipo yake. Andika: kuitangaza meza.

— Meza imevunjika, wewe!

— Sikusema tumeitangaza vizuri.

Na hapo Msiba akasema lile neno ambalo mpaka sasa silisahau. Alisimama kabisa, akashika ukosi.

— Ndugu zangu, mimi nimefanya kazi ya kuchekesha muda mrefu. Sijawahi kusikia watu wakicheka kama walivyocheka juzi Mapafu alipozama. Yule meneja alikaa chini. Mama mmoja aliangusha mtoto. Kile kilikuwa kichekesho, tena cha daraja la juu. Na kichekesho kina bei yake. Tusiwape bure.

Shangazi alimpiga na mkoba. Mimi ningempiga na pasi, bahati yake ilikuwa ya moto.

— Umemwona mwenzako anavunjika, wewe unahesabu vicheko! — Shangazi alifoka. — Ndiyo maana hujachekesha mtu tangu uzaliwe. Kaa!

Akakaa. Nami nikanyanyuka kwenye cherehani, nikachukua ile karatasi, nikaigeuza. Nikawaambia sasa wanasikiliza mimi, kwa sababu benchi langu, karatasi yangu, penseli yangu. Nikaandika juu, kwa herufi kubwa, Ankara. Nikaandika inakwenda duka gani. Nikamwuliza Waziri juzi tarehe ngapi, akanitajia, nikaitia, Shangazi akageuza uso pembeni kama anashuhudia kafara. Nikaandika namba moja. Nikaandika kazi: kutumbuiza kwenye ufunguzi wa tawi, kuanzia mchana mpaka meza ilipovunjika.

— Futa meza! — wakapiga kelele wote.

Nikafuta meza. Nikauliza Mapafu alikubaliana nao shilingi ngapi. Hilo walilijua, wote watatu kwa pamoja, wala hawakukosea hata senti. Nikaiandika, nikaandika jumla chini yake, ingawa ilikuwa ni ile ile. Karatasi ikawa na mistari michache tu, safi, na nyuma yake nusu ya mkono wa shati pamoja na ukimya na vidole.

— Imekuwa fupi mno, — Waziri akalalamika. — Haina hadhi.

— Ina hadhi ya kulipwa.

Ndipo akaingia mwenye gauni. Mama mmoja mnene kidogo, mwalimu au karani sijui, mimi namjua kwa gauni la kijani. Hakunisalimia. Alitazama gauni lake lililolala kwenye mashine zipu nusu ndani nusu nje, akanitazama mimi, akavuta pumzi ndefu.

— Fundi. Jumatatu gani?

— Kaa, mama, kaa. Naimalizia sasa hivi.

Akaenda kule mwisho wa benchi kulikokuwa wazi. Watatu wale wakainuka kama wameguswa na umeme.

— Hapo hapana! — Shangazi akasema. — Hapo pana mwenyewe!

— Yuko wapi?

— Hospitali.

— Basi sasa hivi hapahitaji, — mama akasema, akakaa.

Wakanuna. Nimekaa nao miaka, sijaona kitu wanachokilinda kama kile kipande cha ubao. Waziri akamweleza, kwa uchungu wa kweli, kwamba pale hukaa mpiga tarumbeta mkubwa, rafiki yao wa kufa na kuzikana, na kwamba wao hapa muda huu wanahangaika ili atibiwe. Akamwonyesha ankara. Alimpa kwa mikono miwili, ungedhani ameitunga yeye.

Mama akavaa miwani. Akasoma mstari kwa mstari, midomo inacheza. Akaigeuza, akasoma na upande wa pili, nikaona nyusi zinapanda alipofika kwenye ukimya. Akairudisha upande wa mbele.

— Nzuri, — akasema. — Sasa anayelipwa ni nani?

— Si nimekwambia, mama. Mapafu.

— Naona hamjaliandika jina.

— Andika Mapafu, Fundi, — Waziri akaniambia. — Tumesahau tu.

— Mapafu nani? — mama akauliza.

— Mapafu, — Shangazi akajibu, na kicheko cha dharau. — Wewe mama huendi harusini? Kuna Mapafu wangapi?

— Cheki itaandikwa Mapafu? Akifika benki ataonyesha kitambulisho cha Mapafu?

Waziri akamtazama Shangazi.

— Jina lake nani, Shangazi?

— Ananiuliza mimi! Wewe si ndiye umepiga naye tangu mkiwa vijana?

— Nimepiga naye, sijamwandikisha shule. Msiba?

Msiba alikuwa ameshatoa simu. Wote wakatoa. Kwenye simu ya Waziri aliandikwa Mapafu. Kwa Shangazi aliandikwa Mapafu Tarumbeta. Msiba hakutaka kuonyesha, wakamnyang'anya: Usipokee. Wakampigia wote watatu kwa zamu, na wote watatu wakajibiwa kwamba simu imezimwa. Ilivunjika naye, nadhani. Ilikuwa mfuko wa nyuma.

— Mwenye nyumba wake, — Shangazi akasema.

— Anamwita mpangaji, — akasema Waziri.

— Alikuwa na mke.

— Mke alikuwa anamwita Wewe.

Ukutani, hatua chache kutoka pale walipokaa, sura yake ilikuwa imebandikwa mara tatu, mashavu yamejaa, macho yamefumba. Msiba alikwenda akasoma mabango yote matatu mpaka yale maandishi madogo ya chini, ya aliyechapisha. Lipo jina la aliyechapisha.

Waziri akapiga simu duka la samani. Safari hii hakuweka spika, lakini binti wa ofisini alikuwa na sauti kubwa, tukasikia.

— Dada, samahani, hebu tutazamie kwenye makaratasi yenu, yule kiongozi wetu aliwaandikia jina gani?

— Sisi tuna Mapafu tu, — binti akasema. — Ndiyo maana mhasibu anataka ankara yenye jina la huyo tuliyeafikiana naye, la mwingine hapokei. Inakuja? Anafunga droo.

— Inakuja, — Waziri akaahidi, sauti imemkauka.

Nami nisijifiche nyuma ya cherehani. Mimi namjua Mapafu kifua, kiuno, shingo. Najua mkono wake wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia, najua suruali zake zinaisha goti la kulia kwanza kwa sababu hulipiga chini akimaliza wimbo. Najua hapendi vifungo vya chuma, vinagonga tarumbeta. Ukinipa kitambaa sasa hivi nitamkatia suti bila kumwona, na itamkaa. Jina lake silijui. Nilikuwa nimeshika penseli juu ya karatasi na sikuwa na la kuandika.

Mama akavua miwani. Hakuwa na ubaya wowote usoni, alikuwa anataka kusaidia tu.

— Basi nendeni hospitali mkamwulize mwenyewe. Si mlikwenda kumwona?

— Tulikwenda, — Shangazi akasema.

— Mlimwulizia kwa jina gani?

Waziri alikuwa anatazama viatu vyake. Msiba alikuwa bado amesimama kule ukutani na hakurudi.

Yule nesi hakuwa na kiburi. Alitaka jina, na huyu mama ametaka lile lile. Wao wakamwita jiwe, na mimi hapa nilipokuwa nimekaa nikawaamini, sikumwuliza hata mmoja wao, Mapafu nani.

Muuza kahawa akainamisha birika juu ya kikombe cha Waziri. Likatoka tone, likatoka lingine, na machicha.

— Imekwisha, — akasema, akaanza kukusanya vikombe.

Kwa kawaida kahawa ikiisha na wao wanaisha, kila mtu na mfuko wake, kelele zao unazisikia mpaka zinapinda kona. Leo walibaki. Saa yangu ya ukutani ilikuwa imeshapita kumi na moja, na hata Waziri hakuahidi kitu. Shangazi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, yeye anayesikika bila kipaza sauti.

— Kwa hiyo jana, saa ya kuona wagonjwa, wenzake wa vitanda vya jirani waliletewa watu wao. Yeye akawa anatazama mlango. Anajua hatukuja.

Nikazima mashine. Kule mwisho wa benchi, yule mama alikuwa ameinuka kwenye nafasi ya Mapafu bila kuambiwa na mtu, akasimama pembeni ameshika miwani yake.